Ubao Uliofichwa Tezini: Historia Fupi ya Boti za Faiba

Wahenga wetu wa pwani walituachia methali isemayo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tulio ughaibuni tunaipenda methali hii kwa sababu tunaisikia kama wito wa kurudi nyumbani. Lakini kabla ya kuwa methali ilikuwa ni habari ya chombo. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa katika tumbo la chombo, ambako maji yote yanayopenya hukusanyika na ambako lazima baharia ashuke kuyakumba. Mafundi walioviunda vyombo vile walijua kwamba hakuna chombo kisichovuja. Hawakuuficha ukweli huo. Waliutengea mahali, kisha wakampa mtu kazi ya kuuangalia.

Katika makala haya nataka kueleza habari za chombo kilichoundwa kwa imani iliyo kinyume na hiyo, yaani boti ya faiba. Boti hii iliuzwa duniani kwa ahadi kwamba haiozi, haivuji, wala haihitaji kukalafatiwa. Ahadi hiyo ina ukweli mwingi ndani yake. Hata hivyo, katika boti nyingi za faiba zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1990, mna ubao uliofunikwa pande zote usionekane. Uko tezini, katika ule ukuta wa wima unaofunga boti nyuma, na ndio unaobeba mashine. Waingereza na Wamarekani huuita transomu. Mimi nitauita ubao wa tezi.

Ndugu msomaji, hii si historia ya kujifurahisha tu. Wako wenzetu wengi, wa Maskati, Dubai, London na kwingineko, ambao wamewahi kununua boti kuukuu ama mashine ya kupachika na kuipeleka kwa jamaa zao wavuvi. Boti ikiwa na ubao mzima ni neema. Ikiwa ubao umeoza, huenda mashine ikang'oka na kuzama siku ya bahari mbaya, na kuacha tundu nyuma ya boti ambalo maji hayataulizia ruhusa kuingia.

Kioo kilichogeuka uzi

Habari yenyewe inaanzia Ohio, Marekani, mbali sana na bahari. Mwaka 1932 kijana mmoja aitwaye Dale Kleist, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mhandisi Games Slayter katika kampuni ya vioo ya Owens-Illinois, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Mkondo wa hewa yenye nguvu ukakipiga kioo kilichoyeyuka, nacho kikatawanyika kikawa nyuzi nyembamba kama nywele. Slayter akaona manufaa yake. Mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning Fiberglas, na jina hilo ndilo tulilolifupisha sisi tukasema faiba.

Uzi wa kioo peke yake haufanyi chombo. Unahitaji gundi ya kuushika. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 wanakemia, miongoni mwao Mmarekani Carleton Ellis, walikuwa wakitengeneza resini za poliesta, ambazo ni maji mazito yanayoweza kugeuka kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Vita Kuu ya Pili ikaharakisha mambo. Ndege zilihitaji vifuniko vya rada visivyozuia mawimbi ya redio, na chuma hakifai kwa kazi hiyo. Kioo na resini vikafaa.

Mwaka 1942 Ray Greene, mjenzi wa mashua ndogo katika mji wa Toledo, Ohio, alitengeneza mashua ya resini na nyuzi za kioo ambayo wanahistoria wengi wa boti huitaja kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Vita vilipokwisha, jambo hili lilienea haraka. Kuunda mashua ya mbao kulihitaji fundi aliyejifunza kwa miaka, anayejua kuchagua mti na kuukunja ubao. Mashua ya faiba ilihitaji kalibu moja nzuri, na baada ya hapo mtu aliyefundishwa kwa wiki chache aliweza kupaka resini na kulaza nyuzi. Kalibu moja ilizaa mamia ya boti zinazofanana kama mapacha. Mwaka 1959, katika maonyesho ya boti ya New York, binamu wa kampuni ya Pearson walionyesha mashua ya tanga ya futi 28 iitwayo Triton, iliyosanifiwa na Carl Alberg. Watu wa kipato cha kati wakaanza kununua vyombo ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri.

Je, faiba yenyewe ilidumu? Ilidumu, tena kuliko walivyotarajia wengi. Walinzi wa Pwani wa Marekani walijenga boti za doria za futi 40 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya kama miaka 10, kisha tena baada ya kama 20, vipande vilikatwa katika mwili wa boti hizo na kupimwa nguvu. Kupungua kwa nguvu kulikoonekana kulikuwa kudogo. Ganda la kioo na resini halikuwa na shida kubwa.

Mashine inayotundikwa nyuma

Historia ya pili inayokutana na hiyo ni ya mashine. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akiishi Milwaukee, alianza kuuza mashine ndogo ya kupachika nyuma ya mashua ya makasia. Ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu, na mtu mmoja aliweza kuibeba mkononi. Ubao wowote wa nyuma ulitosha kuibana.

Lakini mashine hazikubaki pale. Kufikia 1958 kampuni iliyomiliki majina ya Johnson na Evinrude ilikuwa ikiuza mashine za nguvu ya farasi 50. Mwaka 1962 Mercury ikatoa ya farasi 100. Mwaka 1959 Volvo Penta ilikuwa imeshaleta mfumo mwingine, injini ikiwa ndani ya boti na mguu wa rafadha ukitokeza nyuma kupitia tundu kubwa lililokatwa katika ubao wa tezi. Mwaka 2021 Mercury ikatoa mashine ya kupachika ya farasi 600, yenye uzito unaozidi nusu tani. Jina la Evinrude lenyewe halikufika huko; utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020.

Mashine ilikua mara mia kadhaa, lakini mahali pa kuifunga ni palepale, katika ukuta ule wa wima wa nyuma.

Kwa nini ubao ndani ya faiba?

Faiba ni ngumu kukatika lakini ni rahisi kupinda. Ukiufanya ukuta wa tezi wa faiba tupu wenye unene wa sentimita 5, utakuwa imara, lakini utakula resini nyingi na fedha nyingi. Wajenzi wakapata njia ya mkato: weka ganda la faiba la nje, bandika plaiwudi ya unene wa sentimita 4 hivi, kisha funika kwa ganda jingine la ndani. Plaiwudi yenyewe ilikuwa imeshapata gundi zisizoyeyuka kwa maji tangu miaka ya 1930. Ilikuwa rahisi kukatwa, ni tambarare, na haibonyei bolti zinapokazwa.

Kihandisi, njia hii ni ya akili sana. Chukua daftari la shule. Karatasi zake zikiwa huru, unalikunja kwa vidole viwili. Zipake gundi zote zishikane, linakuwa gumu kama ubao. Karatasi ni zilezile. Kilichoongezeka ni kushikana. Tuseme kila ganda la faiba lina unene wa milimita 5, na katikati mna ubao wa milimita 38. Yakishikana sawasawa, hesabu ya kawaida ya uhandisi inaonyesha kwamba ugumu wa maganda hayo mawili dhidi ya kupinda ni zaidi ya mara 200 ya ugumu wake kila moja likiwa peke yake. Ubao wa katikati hauhitaji kuwa na nguvu za ajabu. Kazi yake ni kuyashika maganda yasitelezane.

Sasa fikiria ubao huo umegeuka uji. Maganda mawili yapo, rangi inang'aa, ukigonga kwa kiganja husikii kitu. Lakini ile mara 200 imekwisha. Mashine ya kilo 100 ina uzito wake kiasi cha sentimita 30 nyuma ya ubao, kwa hiyo inazivuta bolti za juu zitoke nje na kuusukuma mguu wa chini uingie ndani. Rafadha inaposukuma, nayo inaongeza mzigo kwa mwelekeo uleule. Boti ikiruka wimbi na kutua, mzigo huongezeka mara kadhaa kwa nukta moja. Na barabarani, boti ikiwa juu ya trela, kila shimo la njia ni wimbi.

Maji ya chumvi na maji ya mvua

Wajenzi wa mwanzo walifikiri kwamba ubao uliofungiwa ndani ya faiba hautaguswa na maji. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuacha ubao huo bila kuutoboa. Bolti nne za mashine zinapita katikati yake. Chini kuna tundu la kutolea maji, ambalo mara nyingi lilitobolewa tu na kutiwa mrija mwembamba wa shaba. Kisha mwenye boti anaongeza ngazi ya kuogelea, kifaa cha kupimia kina, kibao cha jina. Kila skrubu ni njia ya maji. Na plaiwudi, ikitobolewa, huonyesha ncha za nyuzi zake, na ncha za nyuzi hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta.

Kinachoozesha mbao si maji yenyewe bali ni kuvu. Kuvu anahitaji vitu vinne: chakula, ambacho ni ubao, hewa, joto la wastani, na unyevu. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Ukipita kiasi cha asilimia 30 na kukaa hapo, kuvu hustawi. Ubao wa chombo cha zamani ulilowa, lakini pia ulipigwa na upepo ukakauka. Ubao uliofungwa ndani ya faiba ukilowa haukauki tena. Lile ganda lililowekwa kuulinda ndilo linaloufungia maji.

Kuna jambo ambalo mabaharia wa jahazi walilijua bila maabara. Maji ya chumvi huhifadhi ubao. Maji ya mvua ndiyo huuozesha. Chumvi humdhoofisha kuvu. Ndiyo maana boti inayoshinda baharini huweza kukaa miaka mingi, na boti iliyoegeshwa uani kwa mtu, ikinyeshewa msimu hadi msimu huku majani yameziba tundu la maji, ikaoza bila kusafiri hata maili moja. Mnunuzi anayevutiwa na boti kwa sababu haijatumika sana inafaa alikumbuke hili.

Hata boti zenye sifa kubwa hazikuepuka. Mwaka 1958 Dick Fisher wa Massachusetts alianza kuuza Boston Whaler ya futi 13, yenye povu gumu kati ya maganda mawili. Mwaka 1961 jarida la Life lilichapisha picha zake akiwa ndani ya boti hiyo huku inakatwa msumeno katikati, na bado ikaelea. Ni boti ya kusifiwa. Lakini hata hiyo, pale tezini inapofungwa mashine, iliwekwa ubao.

Habari ilipofika Ghuba na kwetu

Katika pwani ya Batina, Omani, wavuvi walitumia shasha, chombo cha makuti ya mtende yaliyofungwa kwa kamba, na hori, mtumbwi wa gogo ulioletwa kutoka Bara Hindi. Neno hori tunalo sisi pia katika Kiswahili, kwa sababu bahari ni moja. Mji wa Sur ulikuwa na mafundi wa majahazi makubwa. Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa huko mwaka 1951, ilirudishwa kutoka Yemen mwaka 1993 na kuhifadhiwa kama kumbukumbu.

Kuanzia miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na fedha za mafuta kuanza kutumika, serikali iliwasaidia wavuvi kupata boti za faiba na mashine za kupachika. Katika muda wa kizazi kimoja hori na shasha zilibaki chache. Wakati huohuo ndio waliporudi Omani watu wengi waliozaliwa Unguja na Pemba, waliotawanywa na mambo ya mwaka 1964. Kwa hiyo Waswahili wengi wa Maskati waliyaona mabadiliko haya kwa macho yao. Kwetu Afrika Mashariki faiba ilikuja polepole zaidi, na hadi leo ngalawa, dau na mashua za mbao bado zinafanya kazi pembeni mwa boti za faiba.

Sitaki kusema kwamba faiba ilikuwa msiba. Iliwapa wavuvi chombo chepesi kinachofika mbali na kurudi kabla ya samaki kuharibika. Lakini kuna kitu kilichopotea katika badiliko hili, nacho si uzuri wa tanga peke yake. Chombo cha mbao kilikuwa na ratiba yake. Kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, kikaegemezwa, kikakwanguliwa, kikakalafatiwa kwa pamba, kikapakwa sifa juu na deheni ya shahamu na chokaa chini. Katika kazi hiyo kila ubao ulipita chini ya mkono wa fundi. Ubao mbovu ulijulikana mapema ukabadilishwa, na chombo kikaendelea. Mtepe wa zamani, uliokuwa hauna msumari hata mmoja na umeshonwa kwa kamba za makumbi, uliweza kufumuliwa na kushonwa tena.

Boti ya faiba haikuja na ratiba. Ilikuja na ahadi kwamba hakuna haja. Mwenye boti akaacha kuangalia.

Jinsi ya kuupima ubao

Dawa ya kuoza ilipatikana kutokana na resini nyingine. Epoksi ilivumbuliwa katika miaka ya 1930 na 1940 na Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Walioileta kwa watu wa boti ni akina Gougeon, ndugu wa Bay City, Michigan, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 waliunda mashua kwa mbao na epoksi, na mwaka 1979 wakatoa kitabu kilichowafundisha watu duniani kote. Poliesta mpya haishiki vizuri sana juu ya poliesta iliyokwisha kukauka miaka mingi, wala juu ya mbao. Epoksi hushika vyote viwili. Hapo ndipo kutengeneza tezi iliyooza kulipokuwa kazi inayoweza kufanywa uani na mtu mwenye subira.

Kwanza pima. Inua mguu wa mashine, uushike kwa mikono miwili, uusukume juu na chini huku mwenzako akiangalia ubao wa tezi. Ukiona ukuta unapumua, yaani unaingia na kutoka, jibu umepata. Angalia nyufa kwenye pembe, na mistari ya kahawia inayotiririka kutoka kwenye matundu ya bolti. Gonga kwa mpini wa bisibisi kila sentimita chache: penye uzima pana mlio mkali, penye uozo pana mlio wa kufa. Mwisho, toboa matundu madogo machache kwa keekee kutoka ndani, hasa sehemu za chini. Vumbi jeupe kavu ni habari njema. Vumbi jeusi lililolowa, lenye harufu ya majani yaliyooza, halina mjadala. Matundu hayo huzibwa baadaye kwa epoksi, kwa hiyo usiyaogope.

Jinsi ya kuutengeneza

Kabla ya kukata, iegemeze boti vizuri mahali penye kivuli, chini ikiwa imeshikwa kila upande. Tezi ndiyo inayoshika umbo la nyuma. Ukiiondoa boti ikiwa imekaa vibaya, itapinda, na utaitengeneza ikiwa imepinda. Pima unene wote na urefu kutoka chini hadi mahali inapokaa mashine. Mashine zimetengenezwa kwa urefu maalumu, inchi 15, 20 au 25, na kosa la inchi mbili hapa utalijutia majini.

Mafundi wengi hukata kutokea ndani ili ganda la nje lenye umbo na rangi libaki. Kata ganda la ndani, acha ukingo wa sentimita 5 hadi 8 pembeni, kisha ng'oa ubao. Ule uliooza utatoka kwa mkono. Uliobaki mzima utakushinda hadi jasho likutoke, na hapo ndipo wengi hushawishika kuuacha. Usiuache. Unyevu ulioko katika kipande kimoja utahamia katika kipya. Kwangua mpaka ufike kwenye faiba tupu, piga msasa mkali, halafu iache ikauke kwa siku kadhaa.

Chukua plaiwudi ya baharini iliyo ya daraja la juu, vipande viwili vya milimita 18, ukatie kwa ruwaza ya boksi la karatasi. Ipake epoksi pande zote, na kingo zake mara mbili au tatu, maana huko ndiko maji hupenda kuanzia. Epoksi ya kubandikia izidishwe uzito kwa unga wa silika mpaka iwe kama siagi, na ipakwe kwa mwiko wenye meno ili kusibaki mifuko ya hewa. Kaza kwa jiriwa na kwa bolti ndefu zilizopakwa nta ili zisishikwe na gundi. Usikaze kupita kiasi. Gundi ikitoka yote, hakuna kilichobaki cha kushikisha.

Pembe ambapo ubao unakutana na ubavu wa boti zijazwe na kuviringishwa, kwa sababu kitambaa cha nyuzi hakikubali kukunjwa pembe kali. Kisha laza tabaka za kitambaa chenye nyuzi za mshazari, kila tabaka pana kuliko lililotangulia, zipande ubavuni angalau sentimita 15. Hapa ndipo penye nguvu ya kazi yote. Ubao mpya uliobandikwa vizuri lakini haukufungwa na ubavu ni mlango usio na bawaba. Penye kiraka katika faiba, kwa kila milimita 1 ya unene uteremshe ukingo kwa milimita 12, ili mzigo upite taratibu kutoka la kale kwenda jipya.

Sasa matundu, maana ndiyo yaliyoanzisha balaa. Kwa bolti ya nusu inchi, toboa kwanza tundu la milimita 25, lijaze epoksi nzito, iache igande, kisha toboa tundu halisi katikati ya epoksi hiyo. Bolti haitaugusa ubao kamwe, wala maji yanayopita pembeni ya bolti. Fanya vivyo hivyo kwa tundu la kutolea maji na kwa kila skrubu. Ziba kwa gundi laini ya poliurethani ya baharini, si silikoni ya bafuni.

Jilinde pia. Vumbi la kioo si la kuvutwa mapafuni. Vaa barakoa ya kazi, si kitambaa. Epoksi mbichi ikizoea kugusa ngozi huleta muwasho ambao ukishampata mtu haumwachi tena. Na usichanganye epoksi nyingi katika kopo moja, kwani hujipasha yenyewe mpaka ikatoa moshi.

Wapo wanaotaka kuachana na mbao kabisa, wakatumia bodi za povu zito lenye nyuzi, au wakamwaga mchanganyiko wa resini katikati ya maganda baada ya kuutoa ubao kwa juu. Njia hizo ni nzuri, ila ni za gharama. Plaiwudi iliyofungwa sawasawa, na kuangaliwa, inatosha maisha ya boti na ya mwenyewe. Neno zito hapo ni kuangaliwa.

Ganda linalobaki

Kuna swali moja ambalo waliojenga boti za kwanza hawakuulizwa: zikichakaa zitakwenda wapi? Jahazi likifa hurudi ardhini. Faiba hairudi. Ufaransa iliona maboti makuukuu yamezagaa bandarini na vijijini, na mwaka 2019 ikaanza mpango wa kitaifa wa kuyakusanya na kuyavunja kwa gharama za sekta yenyewe. Nchi nyingi hazina mpango kama huo, na pwani yetu ni miongoni mwa zisizo na mahali pa kuyatupa.

Kwa sababu hiyo, boti ya miaka 40 yenye ganda zima na ubao uliooza haifai kuhesabiwa kuwa takataka. Sehemu kubwa ya thamani yake bado ipo. Kilichokufa ni mbao mbili na gundi. Kijana wa Tanga, Lamu au Mkokotoni aliyejifunza kazi hii ana riziki mkononi, na mafundi wetu wa mbao, wanaojua tayari kuchonga, kupima na kuunga, wamekwisha fika nusu ya njia. Lamu imeshaonyesha kwamba ufundi wa kale haukatai vitu vipya: mwaka 2018 ilishushwa majini Flipflopi, dau la plastiki iliyorejelewa, lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa mikono na vifaa vya fundi wa mbao.

Basi, ndugu zangu, tukikusudia kumpelekea jamaa boti, tuipime kwanza tezi kabla ya kulipia kontena. Fedha zikibanwa, afadhali kupeleka mashine ndogo na boti yenye ubao mzima kuliko mashine kubwa na boti inayopumua. Na tumpelekee pamoja nayo galoni mbili za epoksi, msasa, na ratiba: kila mwaka, bamvua ya kwanza baada ya kusi kutulia, ipandishwe pwani, bolti zifunguliwe, matundu yachunguzwe, yazibwe upya. Waliotutangulia walifanya hivyo kwa vyombo vya mbao tupu, na hawakuona kuwa ni kazi ya ziada. Walijua maji yatafika ngamani, wakashuka kuyatazama.